Chuo cha Marekani kinamtoa mchezaji au kinamchelewesha?

Wadau habari zenu. Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, vijana wetu wanaopata nafasi ya kusoma na kucheza mpira vyuo vya Marekani, watu wanauliza je ile ndo njia ya kuwa mchezaji wa kulipwa au ni kumpotezea mtoto miaka. Hili swali nalijibu kwa moyo wote maana nimelipitia mwenyewe, nimecheza miaka minne chuo kimoja kule alafu nikaenda kujaribu timu za kulipwa, kwa hiyo mengine nitakayosema nimeyafuatilia na mengine nimeyaona kwa macho yangu. Nimechagua barua tano.

Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa Kisauni, Mombasa. Mwanangu ana miaka 18, ni winga, kamaliza form four mwaka jana. Kuna chuo Marekani kimeona video zake, kocha ashampigia simu mara tatu, wasema watamlipia karibu nusu ya gharama. Mjombake hataki kabisa kusikia, asema mpira wa vyuo ni mpira wa wanafunzi, atarudi na miaka 22 hajui kitu, bora ajaribiwe timu ya ligi kuu hapa nyumbani apate jina. Mimi nataka asome lakini pia sitaki kumvunja moyo na ndoto yake. Nishauri.

Waleikum salaam mama yangu. Nianze na mjomba, maana mjomba hajakosea kote, kuna sehemu kasema kweli na ni vizuri uijue kabla kijana hajapanda ndege.

Mpira wa vyuo una shida moja kubwa nayo ni kalenda. Msimu unaanza mwisho wa Agosti, mechi za kawaida zinaisha mwanzoni mwa Novemba, hapo kuna mashindano ya kanda, ukitolewa ndo basi tena. Timu 48 tu ndo zinaingia mashindano ya taifa na fainali yake inapigwa Desemba. Yaani ndani ya wiki kama 11 unacheza mechi 16 mpaka 20, Ijumaa na Jumanne, Ijumaa na Jumanne, na safari za basi katikati. Alafu kimya. Kuanzia Januari kuna mechi chache za kirafiki tu, na mazoezi nayo yana kipimo, sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, zinaruhusu masaa 20 kwa wiki wakati wa msimu na msimu ukiisha yanashuka mpaka 8.

Nakumbuka mwaka wangu wa pili, tulitolewa Jumapili, Jumatatu asubuhi tukaitwa turudishe vifaa. Mzee wa stoo alikuwa na karatasi mkononi anaweka tiki, jezi mbili, bukta mbili, koti la mvua, soksi, tunatumbukiza kwenye boksi tunapita. Nikatoka nje baridi inakata masikio na uwanja wetu ushaanza kufunikwa na theluji, nikahesabu kwa vidole, mechi yangu nyingine ya ushindani ni Agosti. Miezi tisa. Nilikuwa na miaka 20, umri ambao miguu inataka kila wiki iulizwe swali jipya.

Mwenzake mwanao aliyeko timu ya vijana kule Ubelgiji au Ureno anacheza Agosti mpaka Mei, mechi moja kwa wiki, katikati ana siku nne za kufundishwa. Anakosea Jumamosi, Jumatatu anaoneshwa kosa, Jumatano analifanyia kazi, Jumamosi inayofuata anajaribu tena. Chuoni ukikosea Ijumaa, Jumamosi mko kwenye basi, Jumapili mnanyoosha misuli, Jumatatu una mtihani na Jumanne ni mechi. Siku ya kufundishwa haipo, kuna siku ya kupona na siku ya kucheza. Makocha wa vyuo wenyewe wanalijua hili, Sasho Cirovski wa Maryland amepigania miaka mingi msimu utandazwe mwaka mzima wa masomo, na hoja zake ni hizi hizi.

Kuna na hili la sabu. Chuoni mchezaji akitolewa anaweza kurudi tena kipindi cha pili, kwa hiyo enzi zangu kocha alikuwa anaingiza mafowadi wapya dakika ya 25, wanakimbia kama wamewashiwa moto, wanatolewa, baada ya mapumziko wale wa mwanzo wanarudi wamepoa. Mpira unakuwa wa nguvu na mbio, mipira mirefu, marusho marefu. Ukienda timu ya kulipwa unatakiwa ujue kuzigawa pumzi zako dakika 90, lini ukimbie lini usimame, na hiyo haifundishwi kwa vipande vya dakika 25.

Sasa mama, hapo mjomba nimemaliza kumtetea.

Kitu asichokiona ni kwamba ule mlango umetoa wachezaji wa kweli. Clint Dempsey alicheza chuo cha Furman kule South Carolina, mwaka 2004 akachaguliwa kwenye drafti ya MLS, yaani pale timu za ligi kuu ya Marekani zinapochagua wachezaji kwa zamu, miaka michache baadaye yuko Fulham anafunga magoli ligi kuu ya Uingereza na mwaka 2010 akacheza fainali ya Europa League. Tajon Buchanan, Mkanada, winga kama mwanao, alitoka Syracuse akaenda New England Revolution, kutoka hapo Club Brugge, na Januari 2024 akasaini Inter Milan. Na kuna hadithi moja ambayo wewe kama mama utaipenda, Jack Harrison alikuwa mtoto kwenye akademi ya Manchester United, mama yake akamtoa pale akampeleka shule ya bweni Massachusetts asome huku anacheza, watu waliona maajabu. Akacheza msimu mmoja tu Wake Forest, akawa chaguo namba 1 la drafti ya 2016, na akaja kurudi kwao Uingereza kucheza ligi kuu na Leeds.

Na watoto wa huku kwetu wamepita. Lawrence Olum aliyezaliwa Nairobi alipita chuo kidogo cha Missouri Baptist, sio hata kwenye NCAA, akaja kuwa mchezaji wa Sporting Kansas City na wa Harambee Stars. Micheal Azira wa Uganda alitoka University of Mobile pale Alabama, akapanda taratibu kupitia ligi za chini mpaka Seattle Sounders na timu ya taifa. Handwalla Bwana, aliyezaliwa hapo hapo Mombasa na kukulia kambi ya Kakuma, alicheza University of Washington miaka miwili kisha Seattle wakamsaini 2018. Philip Mayaka alicheza Clemson, 2021 akawa chaguo la tatu la drafti nzima, Colorado Rapids. Lakini nikwambie na upande wa pili wa Mayaka maana ndo ukweli, kufika Colorado dakika hazikuwepo, ikabidi azitafute timu za chini. Kuchaguliwa kwenye drafti ni kupewa ruhusa ya kwenda kugombania nafasi, mkataba wa maana na namba uwanjani unavitafuta mwenyewe.

Ukiangalia hao majina makubwa utaona kitu, Harrison alikaa chuoni mwaka mmoja, Buchanan miaka miwili, Dempsey mitatu. Tim Ream alimaliza yote minne pale Saint Louis na bado akafika kuwa nahodha wa Fulham, lakini yeye ni beki wa kati, na mabeki wa kati wanaiva taratibu. Kwa winga, mi ningepanga hivi: aende, asome kwa bidii, na ikifika mwaka wa pili timu ya kulipwa inamtaka kweli kweli, kwa mkataba ulioandikwa, msimzuie. Masomo anaweza kuyamalizia, watu wengi wanayamalizia.

Hiyo nusu ya gharama usiione ndogo. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza ilikuwa na skolashipu 9.9 tu za kugawana watu karibu 30, kwa hiyo waliopata kamili walikuwa wachache sana. Baada ya makubaliano ya kesi ya House, ile ya wanamichezo kuishtaki NCAA, yaliyopitishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilivyokubali utaratibu mpya vinaruhusiwa kumlipia kila mchezaji lakini timu isizidi watu 28, maana yake pesa zimeongezeka na nafasi zimepungua. Muulize kocha mambo ya wazi. Hiyo nusu ni ya mwaka mmoja au minne, na iko kwenye maandishi? Mawinga wako wangapi? Mwaka jana vijana wa mwaka wa kwanza walicheza dakika ngapi? Katika miaka minne iliyopita wangapi wamesaini timu za kulipwa na zipi? Kocha mwenye timu nzuri haya anayajibu bila kupepesa. Na ile nusu inayobaki piga hesabu kwa dola sio kwa matumaini, viza ya mwanafunzi inamruhusu kazi za ndani ya chuo tu, masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, hazitoshi kulipa ada.

Jambo la mwisho, mwambie mjomba asimsainishe mtoto karatasi yoyote ya timu wala ya wakala kabla hajauliza ofisi ya sheria za michezo ya hicho chuo. Mkataba na wakala au mshahara wa timu unaweza kumfungia mlango wa NCAA, na nimeona kijana aliyezuiwa kwa karatasi aliyosaini akiwa hajui hata imeandikwa nini.

Shkamoo kaka. Mi ni beki wa kulia, niko Morogoro, Agosti naenda chuo Marekani, nimeshapata viza. Lengo langu ni kucheza kulipwa sio kingine. Nifanye nini nikiwa huko ili nisije kutoka nikiwa sipo tayari?

Marhaba mdogo wangu, na hongera kwa hiyo viza.

Ngoja nikwambie nilichokutana nacho mimi. Baada ya kumaliza chuo nilipata majaribio ya wiki mbili kwenye timu ya kulipwa, ligi ya chini kule kule Marekani. Asubuhi ya kwanza tukaanza na duara, watu sita pembeni wawili kati wanawinda, mguso mmoja. Pembeni yangu kulikuwa na dogo wa miaka 17 aliyelelewa kwenye akademi, mwembamba, mi kifua kimejaa jimu ya miaka minne. Mpira ukiwa njiani kwenda kwake alikuwa ashaangalia bega la kulia, ashaangalia la kushoto, mwili ushafunguka, mguso wake wa kwanza ndo pasi. Mi naupokea, nautuliza, nainua kichwa, ndo naanza kutafuta mtu. Ule muda wa kuinua kichwa ndo walikuwa wananyakua mpira. Nguvu ninazo, mbio ninazo, mapafu yapo, lakini jicho langu lilikuwa limechelewa nusu sekunde na pale nusu sekunde ni kila kitu. Siku ya tisa au ya kumi nikahisi naanza kuingia kwenye kasi yao, mwili umeanza kuelewa, ila kwenye majaribio siku ya kumi watu washaamua.

Kwa hiyo la kwanza nakwambia funza jicho. Kila siku, hata ukiwa peke yako na ukuta, kabla mpira haujarudi angalia bega. Beki wa kulia anapokea akiwa na mstari mgongoni, ukijua nani yuko nyuma yako kabla ya mpira kufika umeshashinda. Hii haihitaji kocha wala haihesabiwi kwenye yale masaa 20, sheria inahesabu mazoezi anayosimamia kocha, ukiingia uwanjani mwenyewe na wenzako wawili hakuna anayekukataza.

La pili, kiangazi. Chuo kikifunga Mei wengi wanarudi nyumbani au wanalala, we tafuta timu ya USL League Two. Ni ligi ya ridhaa inayochezwa Mei mpaka Julai, imejaa wachezaji wa vyuo vikubwa, huipotezei nafasi yako ya NCAA, na watu wa timu za kulipwa wanaenda kuangalia. Ongea na kocha wako mapema, ikifika Oktoba awe ashajua unataka kwenda wapi, maana nafasi zinajaa wakati wa baridi. Kiangazi changu cha tatu nilicheza huko na naweza kusema nilijifunza zaidi kuliko msimu mzima wa chuo, kwa sababu tulikuwa na muda wa mazoezi katikati ya mechi.

Kile kipindi cha Januari mpaka Aprili ambacho wenzako wanakiona cha kupumzika kitumie kwa kitu kimoja tu, usichukue vitano. Kama krosi yako ya mguu wa kushoto haipo, basi mpaka Aprili iwepo.

Alafu saa. Uwanja wetu ulikuwa na ubao ambao saa inashuka, 45 mpaka sifuri, na refa akitoa ishara inasimama, unaona kabisa zimebaki sekunde 12 unajua cha kufanya. Nilivyoanza kucheza mechi ambazo refa ndo anashikilia muda nilikuwa najikuta naangalia ubao ambao hauniambii chochote, dakika ya 93 kichwa kimeshatoka uwanjani. Linaonekana dogo ila magoli mengi yanapita kwa mabeki waliodhani mechi imeisha. Zoea kucheza mpaka filimbi.

Kwenye masomo usifanye mchezo. GPA, yaani wastani wa alama zako, ikishuka chini ya kiwango unakaa nje, na hakuna beki anayeonekana na timu za kulipwa akiwa jukwaani.

Kaka habari, naandika kutoka Louisville, Kentucky. Familia yetu ni watu wa Uvira, tulifika hapa nikiwa na miaka 11. Niko mwaka wa mwisho wa high school. Kaka yangu ananiambia chuo achana nacho, Bernard Kamungo hakusoma chuo na yuko MLS, niende majaribio ya wazi kama yeye. Unaonaje?

Kamungo ni fahari yetu sote, nikimwona roho inanyooka. Mtoto wa wazazi wa Kongo, kakulia kambi ya Nyarugusu pale Kasulu, Kigoma, akaletwa Abilene, Texas, hajui hata neno la Kiingereza, kaka yake akamlipia ada ya majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, mwaka 2021 wakamsaini. Agosti 2023 akawafunga Inter Miami ya Messi, na mwanzoni mwa 2024 akavaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani. Yote yale bila kukanyaga chuo.

Kwa hiyo kaka yako ana mfano hai. Na kweli mambo yamebadilika, tangu MLS Next Pro, ligi ya timu zao za pili, ianze 2022 timu za MLS zina mahali pa kumlea kijana wa miaka 18 mwaka mzima, zamani mahali pale palikuwa ni chuo. Ndo maana drafti haina uzito iliyokuwa nao. Timu zinachukua watoto mapema kutoka akademi zao, na wenye njia ya Ulaya wanapita huko huko, Weston McKennie alikuwa ameahidi kwenda University of Virginia akabadilisha akaenda Schalke.

Ila mdogo wangu, majaribio ya wazi ni siku moja au mbili, na chuo ni mpango wa miaka. Kwa nini uchague sasa hivi? Nenda majaribio kipindi hiki, lipa hiyo ada, cheza. Huku fomu za vyuo unaendelea kuzijaza. Timu ikikutaka kwa mkataba wa kweli wenye mshahara wa kuishi, chukua, na omba fedha za masomo ziandikwe ndani, mikataba ya Generation Adidas kwa mfano, ile MLS inayowapa vijana wenye vipaji, inakuwa nazo. Wakikwambia ucheze kwa mkataba wa ridhaa hiyo pia ni nzuri, inakuachia nafasi ya chuo. Wakisema hapana una pa kwenda Agosti. Kama una green card hata msaada wa serikali wa ada unaruhusiwa kuomba, na community college ya miaka miwili yenye timu sio aibu, kutoka hapo watu wanahamia vyuo vikubwa kila mwaka. Kei Kamara alitoka Sierra Leone kama mkimbizi, akacheza Cal State Dominguez Hills, chuo cha daraja la pili kabisa, na leo yuko nafasi za juu kabisa kwenye orodha ya wafungaji wa muda wote wa MLS. Aliye juu yake, Chris Wondolowski mwenye magoli 171, naye alitoka chuo cha daraja la pili, Chico State.

Mimi ni kipa, Bujumbura, miaka 19. Kwa kipa chuo kina faida?

Kwako jibu langu ni jepesi kuliko kwa wote, ndiyo. Kipa anaiva baadaye, miaka 22 kwake ni asubuhi, ile miaka minne haimli kama inavyomla winga. Brad Friedel alitoka UCLA na akaja kucheza mechi 310 mfululizo ligi kuu ya Uingereza bila kukosa hata moja. Kasey Keller alitoka University of Portland. Matt Turner alikuwa Fairfield, chuo ambacho hata Wamarekani wengi hawakijui kwa mpira, mwaka 2013 mpira uligonga mwamba ukapaa ukamponyoka mikononi ukaingia golini na ile video ikazunguka nchi nzima, drafti ya 2016 hakuna timu iliyomchagua. Mwaka 2022 akasaini Arsenal, na Kombe la Dunia Qatar alidaka mechi zote nne za Marekani. Angalia tu hicho chuo kina kocha wa makipa wa kudumu, na kipa wa kwanza anamaliza lini, kwa sababu ukikaa benchi miaka mitatu hata wewe utachelewa.

Mimi ni mzazi, Tanga. Nina binti wa miaka 17, kiungo. Wote mnaongelea wavulana tu. Kwa wasichana ni sawa sawa?

Mzazi nisamehe, na asante kwa kuuliza, maana kwa wasichana hadithi ni tofauti kabisa na nzuri zaidi.

Mpira wa wanawake wa Marekani umejengwa juu ya vyuo. Sheria ya Title IX ya mwaka 1972 ililazimisha shule na vyuo vinavyopokea hela ya serikali kuu kuwapa wasichana nafasi sawa, vyuo vikaanzisha timu za wanawake nchi nzima wakati sehemu nyingi za dunia msichana akigusa mpira anafukuzwa uwanjani. Timu iliyobeba Kombe la Dunia la kwanza la wanawake mwaka 1991 ilifundishwa na Anson Dorrance ambaye wakati huo huo alikuwa kocha wa North Carolina, na karibu nusu ya wachezaji wake walikuwa mabinti zake wa chuo, Mia Hamm akiwemo. North Carolina wana ubingwa 22 wa NCAA. Kwa mvulana chuo ni mlango wa pembeni, kwa msichana kwa muda mrefu ndo ulikuwa mlango mkubwa, na wachezaji bora wa umri wake atawakuta pale pale, hawajaenda akademi nyingine.

Mfano mzuri ni Naomi Girma, wazazi wake ni Waethiopia, alisoma Stanford, 2022 akawa chaguo namba 1 la drafti ya NWSL, ligi kuu ya wanawake ya Marekani, na Januari 2025 Chelsea wakamnunua, mwanamke wa kwanza kuuzwa zaidi ya dola milioni moja. Miaka minne ya chuo haikumpunguzia kitu.

Ila na huku upepo unageuka. Kalenda ni ile ile fupi, na sasa wapo wanaoruka chuo, Olivia Moultrie alisaini Portland akiwa na miaka 15, Trinity Rodman hakucheza hata mechi moja ya chuo. NWSL wameifuta drafti kabisa mwaka 2024, kwa hiyo msichana anamaliza anazungumza na timu anayoitaka yeye. Hilo ni zuri kwa binti yako, lakini inabidi awe na mtu wa kumsemea, asisubiri kuitwa.

Mabinti wetu uwezo wanao, Serengeti Girls walifika robo fainali Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India 2022 na makocha wa nje waliona. Kwa binti wa Tanga mwenye miaka 17 mi ningeanza leo. Vyeti vyake vya shule vitafsiriwe na akaunti yake ya NCAA Eligibility Center, ofisi inayohakiki sifa za wachezaji, ifunguliwe, masomo ya sekondari wanayahesabu moja moja, 16 kwa daraja la kwanza, na hisabati na sayansi zimo, asije akayaacha sasa hivi. Aendelee kucheza na wavulana hapo mtaani mpaka wiki ya safari. Na video atume mechi nzima, sio vipande vya magoli peke yake, kiungo wanamwangalia anafanya nini mpira ukiwa mbali naye.